Tulivyokwenda Peckham Kuposa na Sufuria ya Mchuzi

Haya, tulieni. Tangu turudi, simu yangu haipumui. "Zuhra, ilikuwaje?" "Zuhra, kaka yako kapata au kakosa?" "Zuhra, ni kweli Ami Khalfan alirudishiwa bakuli?" Habari za bakuli nani kawapa mie sijui, lakini namshuku Mama, ambaye siri yake huanza na "usimwambie mtu" na humalizikia Dar es Salaam. Basi naandika mara moja kwa wote, nyinyi wa Mjini na nyinyi wa Pemba, nisirudie tena, na nipate sababu ya kutofanya hesabu za skuli. Safari ya kurudi siandiki, maana tulilala njia nzima na Ami akakoroma.

Kwa wale waliochelewa: kaka yangu Sule anataka kumuoa Maryam. Maryam kazaliwa Xi'an, Uchina, kakulia hapa London, na ni Muislamu mtoto wa Waislamu tangu mababu zao huko huko. Ndiyo, Shangazi, wapo, wengi tu, acha kuuliza. Baba yake, Mzee Ma, kafanya kazi ya upishi umri wake wote na sasa kastaafu. Sule alipopeleka salamu kwamba anataka kuja na watu wake, yule mzee alijibu neno moja tu kupitia kwa binti yake: "Waje. Nitawaona wanavyokula."

Wanavyokula! Maneno gani hayo? Sule hakulala. Maryam alishamwambia wazi kwamba anampenda, lakini baba yake akisema hapana, basi ni hapana, hatamvunjia heshima. Kwa hiyo ndoa ya kaka yangu ilikuwa inategemea midomo yetu sisi. Mnatujua sisi. Nyote mmewahi kula na sisi.

Tottenham: sufuria inavaa kanga

Kwetu mtu haendi kuposa mikono mitupu. Sule akasema tununue keki. Mama akamtazama kama mtu aliyesema tununue bunduki.

"Keki? Nikaombe mtoto wa watu kwa keki ya dukani? Mpishi yule, Sule! Nitampikia chakula cha kwao, ajue tunawajali."

"Mama, wewe hujui kupika chakula cha kwao."

"Ikifika Ijumaa nitajua."

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mwenzake wa zamu ni Bi Mei, mtu wa Tainan, Taiwan. Bi Mei akasema hakuna tabu, atamfundisha kwa simu mchuzi wa nyama ya ng'ombe wa kwao, ule unaoliwa na tambi. Nikamwambia Mama kwamba Taiwan ni kisiwa, na Xi'an iko bara ndani huko, na kumpelekea mtu wa Xi'an mchuzi wa Tainan ni sawa na kumpelekea Mpemba ugali wa Tabora ukamwambia karibu chakula cha kwenu. Mama akasema nikamenye vitunguu.

Ijumaa jioni simu ikaegemezwa kwenye kopo la sukari, uso wa Bi Mei ukijaa kioo chote, na darasa likaanza. Nyama ya mguu, ile yenye mishipa. Ichemshe kwanza, kisha maji yote mwaga.

"Nimwage?" Mama kashika sufuria kama kaambiwa amwage zamzam. "Bi Mei, hii ni supu."

"Huo ni uchafu. Mwaga!"

Akamwaga, macho kayafumba. Kisha tangawizi, vitunguu thomu, majani ya vitunguu, vyote kwenye mafuta ya moto. Kisha kijiko cha ule uji mwekundu wa maharage yaliyochachushwa na pilipili, unakaangwa mpaka mafuta yanageuka rangi na jirani anaanza kukohoa. Sosi ya soya. Sukari kidogo. Vile viungo vyenye umbo la nyota.

"Sasa kikombe kimoja cha pombe ya mchele," akasema Bi Mei.

Mama akaweka kijiko chini.

"Bi Mei," akasema Mama kwa upole, "sisi Waislamu."

"Ah! Samahani, samahani. Basi nusu kikombe."

Nilicheka mpaka nikatolewa jikoni. Niliporudi, Mama alikuwa ameshaamua mwenyewe: badala ya pombe katia tangawizi nyingine iliyosagwa na karafuu, karafuu zetu za Pemba. Bi Mei kakunja uso kwenye simu lakini kanyamaza, maana anamjua Mama. Mchuzi ukachemka taratibu mpaka nyama ikawa inatetemeka ukiigusa. Wallahi ulikuwa mtamu. Nilionja, nikaonja tena kuhakikisha, nikafukuzwa mara ya pili.

Jumamosi asubuhi sufuria ikafungwa mfuniko kwa kanga, mafundo juu, ikapakiwa kwenye kikapu cha magurudumu. Mama kavaa baibui lake jipya. Mie nikalazimishwa kuvaa gauni linalowasha. Sule kavaa suti, kanukia udi mpaka mbu wangekufa kama tungekuwa na mbu. Akatusimamisha mlangoni kama makocha wanavyofanya.

"Sikilizeni. Mimi sijawahi kuingia nyumbani kwao. Sijui desturi zao zote. Kwa hiyo sheria ni moja: chochote mtakachopewa, kuleni. Msikatae, msiulize, msikunje uso. Zuhra, nakutazama wewe."

Kumbukeni sheria hiyo. Ndiyo iliyotuponza.

Tulichosahau ni kwamba ilikuwa siku ya mpira. Wenyeji wa Tottenham wanajua maana yake: sisi watatu na sufuria tunakwenda kituoni, na dunia nzima inatoka kituoni. Tukawa kama samaki wanaopanda mto. Mama akaanza kusoma ayatul kursi kwa sauti. Mara jamaa mmoja mkubwa, tumbo mbele, skafu shingoni, akainama, akanusa kikapu, akafumba macho.

"Mama," akasema kwa Kiingereza chake cha huku huku, "ndani mna nini?"

"Mchuzi wa nyama. Tunakwenda kuposa."

Jamaa akageuka, akapanua mikono, akapiga kelele mtaa mzima: "Pisheni! Pisheni sufuria! Watu wana harusi hapa!" Na watu wakapisha, wallahi, wakatuimbia mpaka mlangoni mwa kituo wimbo wa timu yao, jina la timu wameliondoa wakaweka "sufuria". Sule alitamani ardhi ipasuke. Mie nilipunga mkono kama malkia.

Rayners Lane: tumbo la posa

Mtauliza, Tottenham mpaka Peckham mnapitia Rayners Lane kwa sababu gani, mmepotea? Hatukupotea. Baba yuko Unguja anamuuguza Bibi, na posa haipelekwi na mama na kijana mwenyewe kama wanaulizia chumba cha kupanga. Inataka mtu mzima wa ukoo, mwenye maneno. Mtu mzima wetu ni Ami Khalfan, kaka yake Baba, na yeye anakaa Rayners Lane, kule magharibi ambako mji wenyewe umeshachoka na unataka kwenda kulala. Treni inatembea chini ya ardhi, inatoka juu, inapita nyumba zilizofanana kama sabuni dukani, na bado hujafika.

Tulipofika, Ami alikuwa na kanzu moja mwilini na nyingine chini ya pasi, hajui ipi ni nyeupe zaidi. Tukakaa kumsubiri dukani chini ya nyumba yake, kwa Bwana Jayant, Mhindi mzaliwa wa Mombasa ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu na hachoki kunikumbusha.

"Mwenda kuposa kwa Wachina!" akasema. "Haya basi, kuleni kachori kwanza, msije mkafa njiani. Zuhra, chukua, yangali moto."

Nikanyoosha mkono. Sauti ikashuka kutoka kwenye ngazi kama radi.

"Hakuna kula!"

Ami Khalfan kashuka, kanzu, koti, kofia, bakora ambayo haihitaji. "Tumbo la posa ni tumbo tupu. Mgeni anayekwenda kwa watu ameshiba ni tusi linalotembea. Mimi tangu jana usiku sijatia kitu."

"Hata chai, Ami?"

"Chai nimekunywa. Chai si kitu."

Kachori ikarudi kwenye sahani. Niliitazama mpaka tukatoka.

Ami akataka kutusomea hotuba yake kabla ya safari. Kasimama katikati ya duka, baina ya mchele na dawa za meno. "Sisi ni wapita njia. Tumepita, tumeona bustani. Katika bustani tumeona ua. Ua hilo..."

"Bwana Khalfan," Bwana Jayant kamkata, "hayo yatafasiriwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kichina. Yakifika mwisho, yule mzee atadhani mwauza miche."

"Wewe uza mchele wako."

"Nauza. Na miche pia ninayo, iko pale nyuma, ukiihitaji."

Kuvuka mto: basi la badala

Mpango wa Sule ulikuwa umeandaliwa kama wa kijeshi. Treni mpaka Canada Water, pale kubadilisha, treni nyingine mpaka Peckham, adhuhuri tumeshafika, tunaswali kwao, tunakula. Canada Water tukakuta kamba na karatasi: reli inatengenezwa, treni hakuna, pandeni basi la badala.

Dereva alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Kona ya kwanza akaikata vizuri, ya pili akapunguza mwendo, ya tatu akasimama kabisa, akageuka.

"Samahanini. Mie leo siku yangu ya kwanza huku. Kuna anayejua njia?"

Mnaijua London? Mtu akiuliza swali kwa wote, wote wanainama kwenye simu zao kama wanaswali. Ndipo Ami Khalfan, ambaye katika miaka yake yote hapa hajawahi kuvuka mto wa London kwenda kusini, akasimama na bakora yake.

"Mimi najua. Kulia!"

"Ami, unajua kweli?" nikanong'ona.

"Njia zote ni za Mungu. Kulia, kijana!"

Tukaenda kulia. Tukaenda kushoto. Tukaliona duka moja la kuku wa kukaanga, kisha tukaliona tena, na mwuzaji akatupungia mkono. Kwenye kona moja kali kikapu chetu kikaanza safari yake mwenyewe kwenda mbele. Sule karuka na suti yake, kakidaka akiwa magotini, na abiria wakapiga makofi. Mwisho mama mmoja wa Kinigeria aliyebeba ndizi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Baba, kaa chini, tafadhali," akaenda mbele akamwelekeza dereva mpaka Peckham bila hata kutazama dirishani. Kumbe alijua tangu mwanzo. Nilipomuuliza mbona hakusema mapema, akasema, "Yule mzee alikuwa anafurahi sana."

Tukafika wakati wa alasiri. Lifti ya jengo lao mbovu. Tukapanda ngazi, Sule na kikapu mabegani, Ami nyuma akihesabu dhambi zake. Njaa niliyokuwa nayo, ningeliweza kula bakora.

Peckham: bakuli tupu

Mlango ukafunguliwa na Maryam mwenyewe, kavaa mtandio wa kijani, uso umejaa furaha na hofu. Salamu zikaenda vizuri sana: assalaam alaykum haihitaji mkalimani. Mzee Ma ni mwembamba, kofia nyeupe, nyusi kama brashi. Mkewe akatokeza kichwa jikoni, akacheka, akarudi. Tukaswali. Tukakalishwa mezani. Mama akaiweka sufuria yake sakafuni kando ya mguu wake, akingoja wakati mzuri wa kuitoa.

Hapo bahati mbaya ikaingia. Jikoni kotmiri iliisha, na Maryam akatumwa dukani mbio. Kwa hiyo mtu pekee aliyeweza kutufasiria akashuka ngazi zile zote, tukabaki na Mzee Ma, ambaye Kiingereza chake ni "please", "hello" na majina ya mboga.

Mzee akaleta mabakuli makubwa, akamwekea kila mtu lake. Matupu. Kisha akaleta mikate: mviringo, myeupe, migumu kama mifuniko ya mtungi. Miwili kwa kila mtu. Akasimama mbele yetu, akainua mikono, akasugua ncha za vidole, hivi, hivi, taratibu, akatutazama mmoja mmoja.

"Anasemaje?" Mama akanong'ona.

"Anasema tule kwa mkono," akasema Ami, kachangamka. "Hakuna vijiti. Nimewapenda hawa watu. Bismillahi."

Tukala. Mkate ule hauliwi, unashindana nao. Unautafuna, nao unakutafuna. Lakini tulikuwa na njaa, na tulikuwa na sheria ya Sule, na Ami akaongoza kama imamu. Mikate ikaisha. Tukasema alhamdulillahi, tukatabasamu.

Mzee Ma akayatazama mabakuli. Yalikuwa matupu vilevile. Akaenda jikoni. Tukasikia yeye na mkewe wakizungumza haraka haraka. Akarudi na mikate mingine. Akatuwekea, akasugua vidole tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

"Anasema tusione haya," akafasiri Ami.

"Ami, mimi nimeshiba," akasema Sule, jasho linamtoka.

"Sheria yako mwenyewe! Kula."

Tukala. Nikaomba kwenda chooni, na nikipita mlango wa jikoni nikaona kitu kilichonisimamisha: sufuria kubwa, kubwa kuliko ya shughuli, inafuka moshi, mifupa ya kondoo inaelea, harufu yake ingemfufua mtu. Mchuzi upo! Upo tele! Nikarudi mbio.

"Mama, kuna..."

"Shh. Kaa."

"Mama, jikoni kuna..."

Akanifinya. Mnaujua mfinyo wa Mama. Nikakaa.

Mzee Ma akatoka na mikate ya tatu. Nayo tukaimaliza. Na hapo nikamwona Mama akimtazama kwa jicho ambalo anawatazamia wazee wake kazini, jicho la huruma, macho yamelowa. Akamwinamia Ami.

"Khalfan. Hawa watu hawana mchuzi."

"Unasemaje?"

"Wametupa mikate yao yote, maskini, na mchuzi hawana. Wanaona haya kusema. Wallahi nimejisikia vibaya, tumewalia mpaka akiba."

Kabla mtu hajasema neno, Mama kafungua mafundo ya kanga, kafunua sufuria, kachukua kijiko kikubwa mezani na kuanza kumimina. Bakuli la Ami. Bakuli la Sule. Langu. Akaliendea na bakuli la Mzee Ma mwenyewe, akalijaza mpaka juu, akaweka mkono kifuani kwa heshima.

Fikirini. Umemwalika mtu nyumbani kwako. Umechemsha mifupa tangu alfajiri. Na mgeni anatoa sufuria yake chini ya meza na kukugawia wewe chakula ndani ya mabakuli yako.

Mzee Ma akakaa. Akaweka mikono magotini. Nyusi zake ziliteremka kama mlango wa chuma wa duka ukifungwa. Sule akaniangalia, na usoni mwake niliiona harusi ikitoka mlangoni na kushuka ngazi.

Ngazini akawa anapanda Maryam na fungu la kotmiri. Akaingia, akaona meza, makombo, mchuzi, baba yake. Kotmiri ikamwanguka.

"Mikate," akasema pole pole, "mikate iko wapi?"

"Tumekula, mwanangu," akasema Mama. "Yote. Mitamu sana. Mungu awazidishie."

Maryam akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Mabega yakawa yanaruka, na sauti ikamponyoka, na kumbe anacheka, anacheka mpaka akakaa sakafuni kando ya kotmiri.

Mezani: kumegua

Basi akatueleza. Kwao mkate ule hauliwi hivyo. Mgeni anapewa bakuli tupu na mkate, na anaumegua mwenyewe kwa vidole, vipande vidogo kama punje za choroko, ndani ya bakuli. Anachukua muda wake, huku watu wanazungumza. Akimaliza, bakuli linapelekwa jikoni, vipande vile vinapikwa na mchuzi wa kondoo, bakuli moja moja, linarudishwa kwa mwenyewe. Mtu asiyejua anamegua mapande. Mtu anayejua anamegua choroko. Mpishi akiliona bakuli lako anajua wewe ni nani.

"Na mtu anayeula mkavu?" nikauliza.

"Huyo hajawahi kutokea," akasema Maryam.

Akamgeukia baba yake, akamweleza upande wetu: sheria ya Sule, vidole, Mama na huruma yake. Mzee alisikiliza hajatikisika. Kisha akavuta bakuli la mchuzi wa Mama, akanusa. Akaonja. Akaonja tena. Akauliza kitu.

"Anauliza hiki ni chakula cha wapi."

"Cha kwao," akasema Mama kwa fahari.

Nikakohoa. "Cha Taiwan. Kasoro pombe."

"Anauliza, karafuu zote hizi ni za nini?"

"Mwambie hizo ndizo za kwetu sasa."

Mzee akatikisa kichwa, sikujua ni kichwa cha aina gani. Akanyanyuka, akaenda jikoni, na safari hii akarudi na mikate ya mwisho kabisa, ile waliyojiwekea wao. Mmoja kwa kila mtu, basi. Akakaa baina ya Ami na Sule, akachukua wake, akaukata katikati, akaanza kutuonyesha. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kama vya mtu anayevuta tasbihi.

Tukamegua. Hiyo kazi, wenzangu! Kucha zinauma, mkate haukubali. Lakini kitu kimoja nimekiona: huwezi kumegua mkate ule na kunyamaza. Mikono ina kazi, mdomo hauna, basi watu wanasema. Mzee akamuuliza Sule kazi yake, Sule akajibu bila kutetemeka kwa sababu alikuwa anatazama mkate. Mama akauliza mifupa inachemshwa muda gani na nani anaamka kuitazama. Ami akaanza, "Sisi ni wapita njia...," Mzee Ma akachungulia bakuli la Ami, akalisukuma likarudi kwa mwenyewe.

"Anasema kubwa," akafasiri Maryam.

"Nini kubwa?"

"Vipande. Anza tena."

Jamani. Mtu anamwambia Ami Khalfan anza tena! Katika ukoo wetu hajazaliwa. Ami kavuta pumzi, nikajua leo bakora imepata kazi. Kisha akainama, akaanza upya, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Akapeleka. Likarudi. Nikaingiza kichwa chini ya meza kucheka, Mama akaniona, akanifinya, lakini mkono wake nao ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

Mwisho mabakuli yakaenda jikoni. Nikaomba niende kutazama. Mama yake Maryam anatia bakuli moja kwenye kikaango kirefu, kata ya mchuzi, moto mkali, tambi nyembamba kama nywele za kioo, vipande vya nyama, kotmiri ile iliyoanguka ikaoshwa, na inarudi bakulini hivyo hivyo. Pembeni vitunguu thomu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari, unavitafuna kama peremende. Kila kipande cha mkate kimekunywa mchuzi na bado kina ubishi kidogo ndani. Sitaeleza zaidi, mtaniombea mabaya. Tulikuwa tumeshiba mpaka shingoni na tulimaliza mabakuli. Mzee Ma naye, nilimwona, alimaliza la Mama.

Ndipo Ami akajifuta mdomo, akasimama, akashika koti. Sule akaweka mikono chini ya meza. Maryam akatazama nje dirishani, maana hakuna anayeposwa akafasiri posa yake mwenyewe bila kuona haya.

Mzee Ma akainua mkono kabla Ami hajaanza. Akasema maneno marefu, kwa upole, hamtazami mtu. Maryam akafasiri kwa sauti ndogo.

"Baba anasema anajua mlichokuja kukiomba. Anasema alikuwa na hofu moja tu. Mimi nikienda kwa watu wengine, nikipika vibaya, au nikipika vya kwetu, watanisema. Nitakula peke yangu jikoni. Anasema... watu waliokula mikate yake mikavu mara tatu, hawana hata maji ya kuteremshia, wakamwambia asante, Mungu akuzidishie. Anasema hata nikiunguza wali hawa hawatanisema."

Sule akafungua mdomo aseme ndiyo, haswa, kamwe hatutamsema. Mama akamwahi.

"Mwambie baba yako asidanganyike. Akiunguza wali tutamsema. Mimi wa kwanza. Lakini kwetu wali ukiungua hakuna anayekula peke yake, maana wote tunakwenda jikoni kugombania ukoko."

"Ukoko ni nini?" Maryam akauliza.

Sule akamweleza kwa Kiingereza: ule wali mgumu wa chini, ulioshika sufuria, mwekundu, unaokwaruzwa. Maryam akamwambia baba yake. Mzee akapiga meza kwa kiganja, nyusi zikaruka juu, akasema neno moja, na mkewe jikoni akalirudia kwa sauti akicheka. Kumbe wanao. Kumbe na wao wanaugombania.

Kisha akauliza, uso umerudi kuwa wa mzee anayepima.

"Anasema, kwenu kipande kikubwa anapata nani?"

"Mgeni," akasema Mama.

"Na binti yangu?"

Mama akafikiri. Hakufikiri ili apendeze, namjua.

"Mwaka wa kwanza tutampa. Baada ya hapo agombanie kama wenzake."

Maryam akamfasiria baba yake. Mzee Ma akanyanyuka, akaushika mkono wa Ami kwa mikono yote miwili kama watu waliokubaliana, asiuachie. Halafu akageuka akamwita mkewe aache vyombo, atoke jikoni, aje akae. Akaja anajipangusa unga kwenye aproni, akavuta kiti mpaka kikagusana na cha Mama, na wakaanza kuzungumza, kila mmoja lugha yake, na hakuna aliyejaribu kuwafasiria.